Picha isiyofunguka si kosa la mnyonge

Imekuwa desturi katika afisi nyingi nchini, za umma na za kibinafsi, kumjibu mwananchi kwa maneno haya: "Picha uliyotuma haifunguki." Naye mwananchi akiletewa barua-pepe yenye picha ya hati, akashindwa kuifungua katika simu yake, huambiwa kwamba simu yake ni mbovu au kwamba hajui kuitumia. Katika hali zote mbili lawama humwangukia mnyonge. Desturi hiyo haina haki na, isitoshe, haina msingi katika ufundi wenyewe.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba barua-pepe haikubuniwa ili kubeba picha. Ilipoanza kusafirishwa baina ya tarakilishi za Marekani mwaka wa 1971, ilibeba maandishi matupu. Takriban miaka 20 ilipita kabla ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed kubuni utaratibu uitwao MIME, na mnamo Machi 1992 Borenstein akatuma kiambatisho cha kwanza cha namna hiyo: picha ya waimbaji wanne, yeye akiwa miongoni mwao, pamoja na sauti ya wimbo wao. Utaratibu huo ndio tunaoutumia hadi leo. Picha hugeuzwa kuwa mfululizo wa herufi, herufi zikasafiri kama barua ya kawaida, kisha upande wa pili zikarudishwa kuwa picha. Katika kugeuzwa huko kila baiti 3 huwa herufi 4, yaani mzigo huongezeka kwa thuluthi. Picha ya megabaiti 6 husafiri ikiwa na uzito wa megabaiti 8.

Hesabu hiyo si mchezo kwa mtu anayenunua bando la shilingi 20. Programu nyingi za barua-pepe katika simu hazipakui kiambatisho mpaka mwenye simu akiguse, nazo hufanya hivyo kwa nia njema ya kumpunguzia gharama. Lakini bando likiisha katikati ya safari, au mtandao ukififia kama unavyofifia katika sehemu nyingi za mashambani, faili hubaki nusu. Ndipo mtu anapoona kichwa cha cheti na jina la shule, na chini yake weupe au rangi ya kijivu tupu. Dawa yake ni kuifuta nakala hiyo na kuipakua upya mahali penye mtandao imara. Simu ambayo nafasi yake ya kuhifadhi imejaa nayo hufanya vivyo hivyo, na simu za bei nafuu hujaa upesi kwa video ambazo mwenyewe hata hakuziomba.

Hata hivyo, chanzo kinachowasumbua watu wengi siku hizi ni kingine, nacho kilianza Septemba 2017. Mwaka huo kampuni ya Apple ilitoa toleo la 11 la programu ya kuendeshea iPhone, na kuanzia hapo simu zake mpya zikaacha kuhifadhi picha kwa muundo wa JPEG uliozoeleka duniani tangu miaka ya 1990. Zikaanza kutumia muundo uitwao HEIC. Sababu haikuwa mbaya, kwani picha ya HEIC huchukua takriban nusu ya nafasi ya ile ya JPEG bila kupoteza ubora. Tatizo ni kwamba simu nyingi za Android za kabla ya 2018 haziutambui muundo huo, na tarakilishi nyingi za Windows huhitaji kuongezewa programu nyingine ndipo ziusome. iPhone yenyewe mara nyingine huigeuza picha kuwa JPEG inapoituma, na mara nyingine haiigeuzi, kulingana na njia aliyoitumia mtumaji. Kwa hivyo mtu mmoja anaweza kutuma picha mbili siku moja, moja ikafunguka na nyingine ikakataa, na pasiwe na mtu wa kumweleza kwa nini.

Msomaji ataona hapo kwamba anayepokea hana hatia yoyote. Simu yake si mbovu, wala faili haijaharibika. Ni lugha mbili zimekutana bila mkalimani. Mwenye iPhone anaweza kulimaliza jambo hili mara moja kwa kuingia katika mipangilio ya kamera, penye sehemu ya miundo, na kuchagua ule unaokubaliwa na vifaa vingi. Aliyekwisha kuletewa picha kama hiyo amwombe mtumaji aitume tena ikiwa JPEG. Kubadilisha jina la faili kutoka .heic hadi .jpg hakusaidii kitu. Ni sawa na kumvika mbuzi ngozi ya kondoo na kungoja sufu.

Kuna pia viambatisho ambavyo si viambatisho. Gmail imeweka kikomo cha megabaiti 25 kwa barua moja, na mzigo ukizidi hapo hupelekwa katika hifadhi ya mtandaoni, anayepokea akapewa kiungo tu. Mtumaji asipotoa ruhusa, mlango haufunguki. Apple nayo ina mpango kama huo ambao huzihifadhi faili kubwa kwa siku 30 pekee, na aliyechelewa kuisoma barua yake hukuta kiungo kimekufa. Ukiona faili iitwayo winmail.dat, ujue kwamba programu ya Outlook ya mtumaji imeifungia picha ndani ya bahasha ambayo simu nyingi haziwezi kuifungua, na wa kurekebisha ni yeye.

La kutahadhari nalo ni ushauri wa kupakua programu ngeni "ya kufungulia picha," hasa ikiwa umeletewa ndani ya barua ileile. Mnamo Februari 2001 maelfu ya tarakilishi duniani ziliambukizwa na faili iliyojifanya picha ya mchezaji tenisi Anna Kournikova. Jina lake lilikuwa na .jpg, lakini mwishoni lilikuwa na .vbs, na aliyeifungua akitarajia picha aliizindua programu iliyojisambaza kwa kila mtu aliyekuwa katika orodha yake ya anwani. Hila hiyo haijazeeka. Picha halisi haihitaji mtu atie programu mpya kutoka kwa asiyemjua.

Sasa turudi kwenye afisi zetu. Chukua mfano wa mzazi anayeomba basari. Tangazo humtaka atume nakala za vyeti kwa barua-pepe kabla ya siku fulani. Hana tarakilishi, anaazima simu ya jirani, anapiga picha, anatuma. Karani anaifungua barua siku tatu baada ya muda kwisha, anakuta faili asiyoweza kuisoma, na jina la mtoto linaachwa nje ya orodha. Hakuna aliyemjulisha mzazi. Hapo kilichoshindwa ni tarakilishi ya afisi, lakini atakayekaa nyumbani muhula mzima ni mtoto.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka, za halali na za busara, na kinamruhusu anayeathirika kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka wa 2015 ilifuata ili kuitekeleza haki hiyo. Sioni ni kwa busara gani afisi inaweza kuitupa barua iliyofika kwa wakati, eti kwa sababu haikujaribu kuifungua mpaka muda ukapita.

Wapo watakaosema kwamba afisi hupokea barua kwa maelfu na haziwezi kumshughulikia kila mtu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau kazi yenyewe ingekuwa kubwa. Kugeuza picha ya HEIC kuwa JPEG ni kazi ya sekunde chache kwa tarakilishi iliyotayarishwa, na afisi yenye fundi wake inaweza kuzigeuza mia kwa mpigo. Linalodaiwa ni dogo mno. Tangazo litaje miundo inayokubalika, JPEG au PDF, pamoja na ukubwa wa mwisho wa faili. Viambatisho vifunguliwe siku vinapofika, na aliyetuma kisichofunguka aarifiwe angali na nafasi ya kutuma kingine. Nayo tarehe ya maombi iwe ile ambayo barua ya kwanza ilipokewa, maana kila barua-pepe hubeba saa na tarehe yake, na karani hana haja ya kuliamini neno la mtu.

Mpaka hayo yafanyike, wanaofaidika ni wenye vibanda vya intaneti mijini, ambao humtoza mwananchi pesa kuigeuza picha yake, kuichapisha karatasini, kisha kumtoza tena kuipiga picha na kuituma.