Sindano ya Unyayo? Nipe Kiatu Kwanza

Wasee, wiki iliyopita nilikataa pesa. Na mnanijua, mimi si mtu wa kukataa pesa. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, na kodi ya nyumba hapa Donholm nalipa na hizi video.

Saluni moja ilitaka niwaambie mje mdungwe sindano ya unyayo. Ile fila wanayotia midomoni, sasa inawekwa chini ya mguu penye sugu, iwe kama mto. Bonasi: wangemdunga mama yangu bure.

Wazo lenyewe si uongo. Ngozi ikibanwa na kusuguliwa kila siku mahali pamoja, inajikinga kwa kuwa nene. Sugu ndogo yenye kiini kigumu ndiyo inakuchoma kama umekanyaga kokoto. Ukiikata na kiatu ni kilekile, inarudi. Miaka ya 1960 kule Marekani, daktari wa miguu Sol Balkin alianza kudunga silikoni ya majimaji chini ya nyayo zilizopungukiwa na mafuta ya asili, ili mfupa usikandamize ngozi. Lakini huyo alikuwa daktari wa miguu, si mtu wa kubandika kucha. Silikoni inaweza kuhama ilipowekwa, na kuitoa ni balaa. Fila ya asidi ya hayaluroniki nayo huisha baada ya miezi, unarudi tena na pochi.

Na hebu niambieni, nani ana sugu huku Eastlands? Ni mathe anayesimama Mutindwa kutoka asubuhi hadi giza. Ni jamaa anayeenda Inda kwa miguu kwa sababu nauli itakula unga. Ni mlinzi wa geti aliyepewa buti namba nane na yeye anavaa tisa. Huyo ukimdunga leo, kesho anavaa buti ileile.

Sasa kilichonikasirisha. Mama yangu ana kisukari. Niliwaambia saluni nitamleta, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ana ugonjwa wowote. Hakuna! Kisukari huua hisia za mguu. Kidonda kinaanza, hausikii, kinaoza, na watu wamekatwa miguu hivyo. Nilipomweleza alicheka: "Baba, hiyo sindano itanisimamia pale sokoni?"

Kwa hivyo skiza. Tafuta kiatu kipana mbele, hata cha mtumba. Mwambie fundi akukatie soli laini ya ndani. Loweka miguu kwa maji ya vuguvugu, sugua polepole na jiwe, paka mafuta. Kama una kisukari, usiloweke, usikate na wembe, usibandike zile plasta za asidi. Angalia nyayo kila jioni na uende hospitali ukaonwe. Daktari akisema sindano, sawa, hayo ni yenu wawili.

Waajiri, nunueni buti zinazotosha. Mpeni keshia kiti. Hamwezi kuzungumzia afya ya wafanyakazi na hamjui hata namba ya viatu vyao.

Na nyinyi wenzangu wa kamera, najua njaa. Tangazeni sabuni, tangazeni chipsi, hata wigi. Lakini kabla ya kutangaza sindano, uliza anayeidunga ni daktari wa nini. Akianza kukuonyesha picha za kabla na baada, ondoka.

Ile pesa ingenilipia kodi ya mwezi. Bado nadaiwa. Mama anavaa raba mpya.