Gari ya Japani, duane ya Kongo na nauli ya Masisi

Waumini wengi wa Masisi na Walikale hawatakuwa na gari hata siku moja. Lakini kila gunia la maharagi linaloshuka Sake, na kila mgonjwa anayepelekwa Goma, linalipa sehemu ya bei ya gari ya mtu mwingine. Ndiyo sababu kodi ya duane inatuhusu sisi wote.

Gari nyingi tunazoziona zilitumika kwanza Japani. Usukani wake unaonyesha: uko kuume, na sisi pia tunapita kuume mwa barabara. Zinateremshwa Mombasa au Dar es Salaam, halafu zinakuja kwa nchi kavu. Duane yetu haihesabu bei ya kununulia peke yake. Inaongeza usafiri na bima mpaka mpakani, inaweka ushuru, kisha juu ya yote hayo TVA ya 16%.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Gari imenunuliwa dola 4,000, usafiri na bima 2,000. Ushuru ukiwa 10%, ni dola 600. TVA inapigwa juu ya 6,600, ni 1,056. Jumla ya kodi ni 1,656. Kama duane ingetazama bei ya kununulia tu, tungelipa 1,104. Hizo 552 zinazozidi ni kodi juu ya usafiri na bima.

Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi walitumaini gari zitashuka bei. Tumaini hilo halikuwa na msingi: soko la pamoja linapunguzia vitu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya, si gari ya Japani. Kenya yenyewe ilipandisha ushuru wa gari kutoka 25% mpaka 35% mwaka 2023.

Na duane si mwisho. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu mbili. Tangu Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 Januari 2025, mzigo uliolipiwa upande mmoja unaweza kudaiwa tena upande wa pili. Mwenye Fuso hagombani na mtu. Anaongeza tu nauli.

Kazi za afya na maendeleo za makanisa zinaweza kuomba msamaha wa kodi kwa vifaa vyao. Hapo ndipo wafanyabiashara wengine wanakuja na bahasha, wakiomba gari yao iingie kwa jina la kanisa. Kodi hiyo iliyokwepwa haimpunguzii mama wa Masisi nauli hata franga moja. Kabla ya kutia sahihi, wazee wa kanisa waulize: gari hii itaandikwa kwa jina la nani, na italala kwa nani?