Unasifia muvi au unamsifia mtafsiri?

Wadau, ubishi wa muvi pale Bahi hauishi. Jioni watu wakitoka kwenye majaruba ya mpunga wanajazana kibanda umiza, asubuhi ni hukumu tu: hii kali, ile bure kabisa. Shida ni kwamba wengi wanahukumu sauti ya mtafsiri. Steringi wa Kikorea anasema maneno matatu, jamaa anatafsiri dakika nzima, anachomekea na utani wa mama mkwe. Kibanda kizima kinacheka, eti muvi inachekesha, kumbe pale walikuwa msibani!

Siyo dhambi. Bila watu kama marehemu Lufufu, wengi wasingefuatilia kabisa muvi za nje.

Ila dada mmoja muuza chipsi yeye anasema Bongo Muvi hazina kitu. Akiulizwa ya mwisho kuangalia, anataja ya Kanumba. Kanumba amefariki Aprili 2012 jamani! Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto 2021 na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar, hajawahi kuisikia. Tena ni ya Kiswahili, haihitaji mtafsiri. Lawama siyo zake zote, mwenye kibanda anaweka kinachojaza mabenchi. Lakini kuziponda za leo kwa kuangalia za zaidi ya miaka kumi nyuma ni uonevu.

Kuna mzee mmoja pale, muvi ikiisha anaomba warudishe kidogo wazime sauti, aangalie sura tu. Wenzake wanamzomea, wanataka ya pili ianze.