Bas ya korali: tusitoboe kichwa bure



Ibada ya siku ya Mungu iliyopita mulisikia wenyewe: ku wimbo wa pili bas ilishuka, korali ikaenda njia yake, gitare njia yake. Wengine mulicheka. Kiisha komite ya korali ikasema mdogo wetu wa darasa la tatu aachishwe bas, eti hana sikio.

Sisi kapita wa internat tulikaa karibu naye, na tunakataa. Mtoto aliikaza vizuri mbele ya ibada. Ila mashini ya kamba ya mi imelika meno: unazungusha ufunguo karibu nusu duara mbele kamba haijasikia kitu. Nani atapiga sawa hapo? Hata yaya zake waliomtangulia waliteseka nayo, lakini walinyamaza.

Sasa mashini nne zimepatikana ku soko ya Kadutu. Aksanti kwa wote waliotoa mchango. Taabu ni moja. Ni za gitare ingine, mbili za kuume, mbili za kushoto, na kichwa cha bas yetu kiko na zote nne mstari mmoja upande wa juu, namna Fender alianza kuzipanga mu mwaka 1951. Basi komite inataka kutoboa matundu mawili upande wa chini.

Tunaomba wasitoboe. Upande ule mbao ni kidogo, tena kamba ikitoka ku kidaraja itapinda. Kamba ya kupinda inakwama mu mfereji wake: unakaza, haisikii, halafu inaruka mara moja. Itakuwa paka taabu ile ile, na matundu ya bure juu yake.

Tulikata karatasi kwa kipimo cha mashini, tukazipanga ku kichwa. Zile mbili zinaweza kugeuzwa na kukaa mstari mmoja na wenzao, bila kugongana. Ufunguo wao utazunguka kinyume, ni vile tu. Mtoto atazoea kwa juma moja.

Kazi kubwa ni matundu ya zamani. Yako na milimetre 18, na mashini mpya zinaomba 14. Wengine wanasema tuzungushe kitambaa. Hapana! Kamba za bas zinavuta kwa nguvu, kitambaa kitalegea mbele ya Noeli. Bwana mwalimu wa mbao achonge vizibo vya libuyu, avitie kole, viache usiku mzima, kiisha atoboe tena katikati. Visi vilevile: kwanza tundu ndogo, na sabuni kidogo, juu mbao isipasuke. (Mlango wa dortoir mumeuona.)

Bwana mwalimu amekubali siku ya posho, kiisha salongo. Tunaomba komite imupatie ufunguo wa sanduku la gitare, na mdogo wetu awe pale, ashike taa na kuangalia.