Maji na Umeme Viingie Kwenye Bei, Visiingie Kwenye Samahani

Leo nina maneno kidogo, na wengine hamtayapenda.

Nikifungua stetasi za watu wetu wa hapa mjini nakutana na posti ile ile: rangi nyeusi, maandishi meupe, "Samahani wateja wangu, umeme umekatika, oda za leo zitachelewa." Siku mbili baadaye mwengine naye: "Samahani wapendwa, maji hayajatoka." Mteja ameshatuma nusu ya pesa, wageni wake wanafika saa kumi, wewe unamtumia samahani na kiemoji cha kulia. Mimi naona hivi: kwa mtu anayeuza kutokea Unguja, umeme kukatika na maji kutotoka hayaitwi dharura. Tunayajua toka tuko wadogo. Basi yakae kwenye bei na kwenye ratiba kabla hujamuahidi mtu.

Kwanza tuache kuyahesabu kama matatizo mawili. Kisiwa chetu hakina mto mkubwa wa kutegemea, maji yetu yanatoka chini ya ardhi, kwenye visima na chemchem. Zamani za Sultan Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, maji ya chemchem ya Bububu yaliletwa mjini kwa mfereji, yakaja yenyewe kwa mteremko. Leo mji umekuwa mkubwa, na maji mengi ya ZAWA yanavutwa na pampu. Pampu inakula umeme wa ZECO. Na umeme huo unatoka Bara, unapita kwenye waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Kwa hiyo taa ikizimika leo, usishangae bomba likakauka kesho.

Wenye umri wanakumbuka Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kizima hakina umeme wa gridi, na mwaka mmoja tu nyuma, 2008, tulikaa karibu mwezi mzima gizani. Kilichowatesa watu zaidi, hasa kina mama, kilikuwa maji. Giza unawasha kandili, kiu huwashi kitu. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa nyengine kabisa, lazima tuseme kweli. Lakini mahoteli yameongezeka, nyumba zimeongezeka, na sisi tunaouza kwa simu tumejaa na mafrizi yetu. Matumizi hayakusubiri.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Chukua mfano wa muuza katlesi anayekaa juu kwenye majumba ya Michenzani. Mnayajua: huko juu maji yakiwa na nguvu kidogo bomba linakohoa tu. Analipa kijana ampandishie madumu. Tuseme dumu la lita 20 linamfikia jikoni kwa shilingi 500, pamoja na ngazi. Katlesi 60, ukihesabu kuosha viazi, kuchemsha, kuosha masufuria na kuosha mikono, zinakula madumu matatu. Hiyo 1,500. Gawa kwa 60, kila katlesi imekunywa shilingi 25. Utaniambia, "Ah, 25 kitu gani?" Kama faida yako kwa katlesi moja ni shilingi 100, robo ya faida imepanda ngazi na yule kijana. Ukipika hivyo mara nne kwa wiki, 6,000 imekwenda na hukuiandika popote. Halafu mwisho wa mwezi unasema biashara ina chuma ulete.

Iandike. Daftari lako liwe na mstari wa maji kama ulivyo na mstari wa mafuta na viazi. Token za Tukuza pia ziwe na mstari wake, usichanganye za feni ya chumbani na za frizi ya biashara, japo ni kwa kukisia. Ukishajua, ongeza bei. Wapo wanaosema ukiongeza shilingi 50 mteja anahamia kwa jirani. Wapo watakaohama, sikatai. Ila mteja wa shughuli, yule anayeagiza mia mbili mia tatu, anachokiogopa ni aibu mbele ya wageni. Huyo anamlipa anayefika kwa wakati, na huyo ndiye anayelipa kodi yako.

Kwenye frizi nina ushauri ambao hauna gharama. Frizi ikijaa na mlango usifunguliwe, vitu vinaweza kubaki vimeganda mpaka saa 48. Ikiwa nusu tupu, saa 24. Kwa joto letu na watoto wetu wa kufungua fungua, mimi hukata hesabu hiyo nusu. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ijaze chupa za maji ya kugandisha. Zinashika baridi umeme ukiondoka, na mabomba yakikauka ni akiba. Ila kitu kikishalegea na kupata joto usikigandishe tena ukamuuzia mtu. Sambusa ya nyama iliyolegea mara mbili inaweza kumlaza mtoto wa mtu Mnazi Mmoja, na jina lako likatembea kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya mjini kabla ya adhuhuri.

Umeme ukikatika chomoa frizi. Ukirudi, subiri dakika kumi hivi ndipo uchomeke, maana mara nyengine unarudi kwa kishindo na kompresa haipendi. Friji gadi ni rahisi kuliko fundi.

Jenereta? Kwa muuzaji mdogo mimi sishauri. Mafuta yanakula faida yote, na katika majumba ya ghorofa ni hatari hasa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, ukiiwasha ndani au kwenye veranda yenye madirisha inaua watu usingizini. Vile vile nimeona mtu anauliza kwenye grupu kama aweke simtanki la lita 1,000 kwenye veranda ya ghorofani. Ndugu yangu, lita moja ya maji ni kilo moja. Hilo ni tani nzima umeitundika juu ya kichwa cha jirani. Mapipa mawili matatu ya lita mia, yenye vifuniko, yakipangwa jikoni kandokando ya ukuta, yanamtosha mpishi wa kawaida.

Na hili la mota nalisema ingawa nitachukiwa. Kuna wenzetu wamefunga mota moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, maji yakitoka tu wao wanayavuta yote. Wanasema biashara haina huruma. Lakini hebu fikiri, yule bibi wa ghorofa ya juu anayekaa na ndoo yake tangu alfajiri, mota yako ndiyo iliyomnyima. Mjukuu wake anakwenda skuli hajakoga ili wewe uposti juisi ya ukwaju saa nne asubuhi. Kama unahitaji mota, jaza kwanza pipa chini kwa nguvu ya bomba lenyewe, kisha pandisha kutoka kwenye pipa lako. Tena jirani ni mteja. Siku ya shughuli yake ataagiza kwengine, hatakwambia sababu.

Turudi kwenye oda. Pokea oda kwa kadiri ya pipa lako. Ukiwa na maji ya katlesi mia, ukachukua advansi ya mia tatu ukitumaini yatatoka usiku, umeshacheza kamari na pesa za mtu. Mwambie mteja mapema: "Ya Jumamosi nimejaa, nina nafasi Jumapili." Kusema umejaa kunakupandisha daraja, amini usiamini. Mwezi wa Ramadhani ndiyo zaidi, kila mtu anataka juisi, barafu na mapochopocho ya futari saa ile ile moja, na kila nyumba inavuta maji na umeme saa ile ile moja. Anayepika mchana kwa maji ya jana anafuturu ametulia.

Na uwe na bidhaa ya siku ya giza. Ubuyu, visheti, achari, viungo vya kusaga uliyosaga tayari. Ubuyu hauombi frizi, hauombi maji mengi, unapanda boti kwenda Dar es Salaam bila kuharibika. Umeme ukikatika unauza hicho, huku simu na pawabanki vilishachajiwa tangu jana. Fuatilia pia kurasa za ZECO, hutangaza matengenezo yaliyopangwa. Siku hiyo usichukue oda ya aiskrimu, shoga yangu, hata akulipe mara mbili.

Kwa mtaani kwetu maji huja usiku wa kuamkia Ijumaa. Nina oda ya katlesi 200 za mtu wa Fuoni, alitaka Alhamisi, tukakubaliana Jumamosi na bei mpya. Mapipa nimeshayasugua. Wewe kwenu yanatoka siku gani, na dumu linafika jikoni kwa shilingi ngapi? Niandikie hapo chini pamoja na jina la mtaa, tulinganishe.