Mtoto mwenye ndoano hamalizi sambaza wetu

Wasikilizaji wetu wa Himbi, na ninyi ndugu mliokimbia vita mkapata kulala kwa jamaa humu mjini, leo nataka tuongee juu ya ziwa. Kuna maneno yanayorudiwa sana kila ninapopita na mikrofoni kandokando ya maji: eti watoto wa wakimbizi, wale wanaokaa juu ya mawe na kijiti, uzi na ndoano, ndio wanaotumalizia samaki. Eti wafukuzwe. Mimi nasema maneno hayo si kweli, na tena yanamficha mkosaji.

Tuanze na samaki mwenyewe. Sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959 hivi, kwa sababu katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kuvua kwa wingi. Chakula chake kikubwa ni vidudu vidogo sana vinavyoelea majini. Ndiyo sababu wavuvi wa kazi hutoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wakawasha taa, wakangoja samaki wakusanyike juu ya wavu. Hawamtafuti kwa ndoano. Mtoto anayetupa mnyoo kandokando anapata tilapia, kambale au samaki wengine wadogo wa kwenye mawe, mmoja mmoja. Kumshitaki kwa kumaliza sambaza ni kama kumshitaki mwenye chukudu kwa ajali ya ndege.

Hata wageni wenye kupenda uvuvi wa starehe wanajua hilo. Kule Amerika mtu huchezesha kijiko cha chuma kinachong'aa chini ya mashua ili samaki mkali akirukie. Kwetu kijiko hicho kitakuchosha mkono bure. Kivu haina sangala kama Tanganyika.

Basi nani anawamaliza? Tazameni asubuhi. Watu wazima wanashona vyandarua vya mbu, vitatu au vinne pamoja, wanavikokota kwenye maji mafupi. Hapo ndipo sambaza huzaa, na ndipo watoto wake hukulia. Tundu la chandarua halipitishi mbu. Je, litapitisha kisamaki? Kinachotoka ni rojo ya vitoto vya samaki, vinauzwa kwa kopo. Kopo moja ni mamia ya sambaza ambao wangekuwa kitoweo cha familia nyingi.

Tena msidanganywe na ukubwa wa ziwa. Kivu ina kina cha karibu mita 485, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Chini hakuna hewa ya kuwatosha, kuna gesi. Nyumba ya samaki ni ndogo, na kandokando ndicho chumba cha watoto wao. Majirani wetu wa Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kwa miezi miwili kila mwaka ili samaki wapumzike. Sisi tunamfukuza mtoto mwenye uzi, kisha tunanunua kopo.

Nimesikia pia jibu la wamama: « Tukiwa na njaa, tufanye nini? » Ni swali la haki. Kambi za Bulengo na Lac Vert zilivunjwa Februari 2025, na si kila mtu aliyekuta shamba lake salama. Sitamtukana mama anayetafuta mboga ya jioni. Lakini chandarua kile kilitolewa ili mtoto wake asife kwa malaria. Kikiingia ziwani, anapoteza mara mbili: usiku mbu wanamla mtoto, na kesho samaki hawapo. Tena dawa iliyo ndani ya chandarua ni sumu kwa samaki. Na kwa kawaida mwenye faida si huyo mama. Ni yule anayenunua vyandarua kwa bei ya chini kutoka kwa wenye shida, anavishonesha, anatuma vijana, yeye anabaki kuhesabu franka.

Kuna jambo lingine ambalo Himbi haipendi kusikia. Ukuta baada ya ukuta, mahoteli na nyumba kubwa zimefunga njia za kufika majini. Mwananchi wa kawaida anabaki na vipenyo vichache, na humo wote wanasongamana: wa bidoni, wa kufua, wa ndoano, wa chandarua. Mwenye ukuta akisema watoto wanaharibu ziwa, tumuulize kwanza njia ya watu iko wapi.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Wakubwa wa kartie wamfuate mwenye biashara ya vyandarua vya kushona, wasikimbilie kunyang'anya uzi wa mtoto. Wamama wa sokoni wakatae kopo la vitoto vya samaki, kisiponunuliwa, hakitavuliwa. Mashirika yanayogawa vyandarua yaongeze uzi na ndoano kwa familia zinazokaa karibu na maji, ni vitu vya bei ndogo. Na njia za kwenda ziwani zibaki wazi kwa wote, mwenyeji na mkimbizi.

Mwenye ndoano anachukua samaki mmoja na kumwachia ziwa wengine. Tumwache avue. Tuliye naye neno ni yule mwenye chandarua cha kushona, na tunamjua.