Saksafoni Nayo Imekuwa Yetu

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba saksafoni ni chombo cha Kizungu, na kwamba mwalimu akiisifu darasani anapotosha utamaduni wa taifa. Hoja hiyo ni dhaifu. Ni kweli ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji, aliyeiwekea hataza mwaka 1846. Lakini zumari nayo, ipulizwayo katika ngoma za pwani, ililetwa na bahari. Leo nani athubutuye kuiita ngeni? Ala haina kabila; aipigaye ndiye aipaye kabila.

Shahidi wetu ni albamu iitwayo Sikinde, ya Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1978. Jina hilo ni la ngoma ya Wazaramo. Humo magitaa yamekopa rumba ya Kongo, mapigo yameinamia ngoma, maneno ni Kiswahili fasaha, na saksafoni na tarumbeta huwajibu waimbaji kama waitikiaji uwanjani. Huo si uigaji, ni ubunifu.

Nyimbo za bendi hiyo zilirekodiwa Radio Tanzania, lakini albamu ikatolewa Marekani. Na hapa Miono, mwendo wa saa chache tu toka Dar es Salaam, nimekuta vijana wa sekondari wasioijua kabisa. Je, tungoje wageni watufundishe vilivyo vyetu? Ndugu walimu, isikilizisheni darasani kama msomavyo diwani za washairi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asiyepata kuisikia asili yake, atajuaje kuwa ameiacha?